Namba Tatu

Mimi ndiye ninayeandika majina.
Kila Jumapili, baada ya misa ya pili,
naketi juu ya kreti nyuma ya goli la Funu
na daftari la mistari, kalamu ya buluu,
na mkono unaanza wenyewe:
kipa, fulani; namba mbili, fulani;
namba tatu, Zihindula.
Makipa wamekuja na kuondoka kama mvua za Kadutu.
Namba tatu sikuwahi kuuliza.

Misimu ishirini na mmoja. Nimehesabu jana usiku
kwa mshumaa, maana umeme ulikuwa umekwenda matembezini:
madaftari sita, moja limeliwa na mende,
moja wino wake ulilia wote siku paa lilipovuja.
Magoli aliyofunga: mawili.
La kwanza alitufunga sisi.

Mtu wa kiwanda cha kinini, zamu ya usiku.
Alifika uwanjani na unga wa magome kwenye kucha,
akilamba kidole kwa kusahau, akikunja uso.
Watoto wakamwita Mchungu,
na mawinga wa Goma, waliopanda boti kuja kutucheka,
walirudi ziwani wakilijua hilo jina.
Hakuwa na mbio. Alikuwa na hesabu:
alisimama pale ambapo mpira
ulikuwa bado unafikiria kwenda.

Uwanja wetu, mnaujua, umelalia upande.
Ukibutua ovyo, mpira unavuka barabara,
unadunda juu ya mabati ya Mama Nsimire,
unateremka hadi mto Kawa,
na refa anatazama saa,
na wachezaji ishirini na wawili
wanageuka watu wa kusubiri tu.
Ndipo nilipomwona vizuri, katika subira hizo:
akimfunga kamba za viatu winga aliyemwangusha sasa hivi,
akimuuliza mama yake ameamkaje.

Mara moja alikuja mtu kutoka Lubumbashi,
viatu vya ngozi vimejaa tope letu, barua mkononi.
Zihindula aliisoma akiwa amesimama,
akaikunja mara nne,
akaisukuma chini ya mguu wa benchi uliokuwa mfupi.
Benchi likatulia.
Wapo waliosema anaogopa ndege.
Mkewe, M'Chibalonza, alisema: huyu?
Huyu hawezi hata kubadili upande wa kitanda.

Jumapili ya tetemeko hatukucheza.
Alikuja hata hivyo, sururu begani,
tukafukua ukuta mpaka giza,
tukiitana kwa namba, kwa kuwa namba zilitoka haraka:
tano, shika hapa; saba, taratibu, kuna mkono.
Usiku, kwa mazoea tu, nilifungua daftari
nikaandika waliokuwepo, walioleta ngazi, walioleta maji.
Namba tatu, Zihindula.
Ukurasa huo hauna matokeo.

Leo amefika mapema, goti limefungwa kitenge,
jezi ameipiga pasi ya makaa, mikunjo imenyooka
kama ya mtu anayekwenda kuoa.
Akampa Ashuza, mtoto wa miaka kumi na saba,
mwenye mbio nyingi na hesabu kidogo.
Hakutoa hotuba. Alisema:
shingoni inawasha, utazoea.
Halafu akaja nyuma ya goli, akatazama kreti moja,
nikasogea.

Nikaandika kipa, nikaandika mbili,
nikaandika namba tatu, Zi,
nikasimama. Nikakata. Nikakata tena.
Akainama juu ya bega langu, na harufu ile ya magome:
Usikate sana, karatasi itatoboka.

Dakika ya kumi na moja Ashuza alibutua kwa hofu.
Barabara. Mabati. Mama Nsimire akatukana kama kawaida.
Watoto walikuwa bado wanasukumana nani ashuke
nilipoona nafasi kando yangu iko wazi
na mzee wa miaka thelathini na tisa
anateremka kuelekea Kawa, mguu mmoja ukimvuta mwingine,
bila kugeuka.

Refa anatazama saa.
Tunasubiri.